Sabuni ya mawese: soda hupimwa, haikisiwi

Mnunuzi wa sabuni ya kienyeji katika soko la Sake, la Masisi au la Walikale anaikagua kwa vidole. Anakwaruza kipande kwa ukucha, anakinusa, analowesha kidole na kusugua mpaka povu litoke. Halafu anamtazama muuzaji usoni: "Mama, hii haichomi mikono?" Hakuuliza bure. Amewahi kununua ile nyingine, iliyomwacha na viganja vilivyokauka na kupasuka baada ya kufua nguo za siku moja.

Wengi hudhani sabuni inachoma kwa sababu ina soda kostiki. Si kweli. Sabuni zote ngumu, hata zile za dukani zenye harufu ya maua, zimetokana na soda. Kinachochoma ni soda iliyozidi, iliyokosa mafuta ya kuungana nayo ikabaki peke yake ndani ya kipande. Mafuta na soda vina hesabu yao, na hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu fundi ana haraka au ana uzoefu wa miaka mingi. Anayepima kwa mizani atatoa sabuni ileile leo na mwezi ujao. Anayekisia kwa kikombe atatoa sabuni nzuri mara moja, na mara ya pili atarudishiwa mzigo.

Makala haya yanafuata njia ya kutengeneza sabuni bila kupika, kwa kutumia mawese ya Walikale, na kwa wa milimani, mafuta ya ng'ombe wa Masisi.

Kinachotokea ndani ya ndoo

Watu wa Walikale wameona kazi ya kutenganisha vitu kwa macho yao. Mchimbaji wa Bisie anaposafisha kasiterite, yaani madini ya bati, kwa maji, mchanga mwepesi unachukuliwa na madini yanabaki chini, kwa kuwa kasiterite ina uzito wa karibu mara 7 ya maji na mchanga wa kawaida haufiki mara 3. Kiwanda cha mgodi wa Mpama Kaskazini, hukohuko Bisie, kilichoanza uzalishaji mwaka 2019, kinategemea tofauti hiyohiyo ya uzito, ila kwa mashine. Katika kazi hiyo hakuna kinachogeuka. Jiwe liliingia jiwe, likatoka jiwe. Hayo ni mabadiliko ya kifizikia.

Sabuni ni jambo jingine. Ndani ya mafuta, kila molekuli ina gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Soda inapoingia, inavunja mshikamano huo: kila asidi inaungana na sodiamu na kuwa sabuni, na gliserini inabaki huru. Mwishoni hakuna tena mawese, wala hakuna tena soda. Vyote viwili vimekuwa kitu kipya, na huwezi kuvirudisha kwa kuchuja. Mfaransa Michel Chevreul ndiye aliyeeleza jambo hili kwa ufasaha katika kitabu chake cha mwaka 1823, na ndipo watengeneza sabuni walipoanza kuacha kubahatisha.

Kwa kuwa kila molekuli ya mafuta inahitaji soda tatu kamili, kila aina ya mafuta ina kiasi chake. Kwa kilo 1 ya mafuta, soda inayotosha kuyamaliza yote ni hii:

– mawese: gramu 141
– mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa: gramu 140
– mafuta ya kokwa za mchikichi, yale ambayo watu wa Kigoma huyaita mise: gramu 175

Usiweke kiasi chote hicho. Punguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa na yalinde ngozi. Upungufu huo pia unafidia makosa madogo ya mizani na tofauti kati ya mafuta ya msimu mmoja na mwingine. Kwa hiyo kilo 1 ya mawese inapata gramu 134 za soda. Mafuta ya ng'ombe yako karibu sawa, ndiyo maana unaweza kuyachanganya na mawese kwa kiasi chochote na kubaki na hesabu ileile. Mise hayachanganyiki hivyo: ukiyatumia, yahesabie peke yake kisha ujumlishe. Mfano: gramu 800 za mawese na gramu 200 za mise zinataka gramu 113 na gramu 35, jumla 148. Ukitoa asilimia 5, unabaki na gramu 140. Mchanganyiko huo unatoa povu jingi zaidi kuliko mawese matupu.

Vyombo

Mizani ndiyo ya kwanza. Penye wanunuzi wa madini mizani haikosekani, na ile ndogo ya betri inayosoma gramu moja moja inatosha kabisa. Usipime soda kwa kijiko: kijiko cha soda ya vipande na kijiko cha soda ya punje havina uzito mmoja.

Ya pili ni kuepuka sufuria za alumini. Hili ni muhimu huku kwetu, kwa maana sufuria nyingi za nyumbani na zile zinazoyeyushwa na mafundi wa mtaani ni za alumini tupu. Soda inaila alumini na kutoa hewa ya hidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Sufuria itatoboka, sabuni itaharibika, na ukiwa karibu na jiko unaweza kulipukiwa. Tumia ndoo ngumu ya plastiki kwa soda, na chombo cha chuma au pipa lililokatwa kwa kupashia mafuta. Mwiko uwe wa mti mgumu au wa plastiki.

Ya tatu ni kinga: glavu za mpira, miwani, nguo ya mikono mirefu na viatu vilivyofunika vidole. Weka ndoo nzima ya maji safi karibu nawe kabla hujafungua soda. Ikikurukia kwenye ngozi, mwagia maji mengi kwa dakika 15 au zaidi. Usianze kutafuta limau wala siki. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji bila kuacha kwa dakika 20 kisha nenda kituo cha afya.

Soda usiiweke kamwe katika chupa ya maji au ya fanta. Watoto huinywa, na inachoma koo na njia ya chakula kwa namna ambayo haiponi kirahisi. Aliyekunywa asitapishwe, maana itachoma tena ikirudi. Apelekwe hospitali mara moja. Mfuko wa soda ufungwe vizuri pia kwa faida ya kazi yenyewe: soda inavuta unyevu na hewa ya kaboni dioksaidi, na katika hali ya hewa ya Walikale mfuko ulioachwa wazi unakuwa tope jeupe lisilo na nguvu. Ukipima gramu 134 za tope hilo, hujapima soda.

Hatua kwa hatua

Anza na kilo 1 ya mawese. Ukishazoea, nenda kwenye bidoni. Bidoni ya litre 20 si kilo 20: litre moja ya mawese ina karibu gramu 900, kwa hiyo bidoni iliyojaa ina takriban kilo 18. Wengi huharibikiwa hapa, wanapima litre wakidhani wanapima kilo, na soda inazidi kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Hiyo peke yake inatosha kuleta sabuni inayochoma.

1. Safisha mafuta. Mawese ya kukamuliwa kijijini huwa na maji na masalia ya matunda. Yachemshe pamoja na maji kiasi, yaache yatulie, engua mafuta ya juu. Kisha yapashe polepole mpaka yaache kutoa sauti na mapovu: maji yameisha. Mafuta yenye maji yanakudanganya kwenye mizani. Mawese yaliyozeeka na kuwa makali kwa kuliwa yanafaa kwa sabuni, ila yataungana na soda haraka zaidi, basi uwe tayari.

2. Pima maji gramu 320 na soda gramu 134, kila kimoja peke yake. Ukifanya mkorogo wa kilo 18, zidisha: soda kilo 2 na gramu 412, maji kilo 5 na gramu 760.

3. Ukiwa nje penye upepo, mimina soda kidogo kidogo ndani ya maji huku ukikoroga. Usimwage maji juu ya soda: joto litazuka mahali pamoja na maji yatakurukia usoni. Mchanganyiko unaweza kufika nyuzi 80 au zaidi bila moto wowote. Usivute mvuke wake. Uache upoe.

4. Pasha mafuta mpaka yayeyuke yote, kisha yaache yashuke hadi nyuzi 40 au 45. Bila kipimajoto, gusa ndoo kwa nje: iwe na joto ambalo mkono unalivumilia bila kuondoka. Maji ya soda nayo yawe na joto la karibu hivyo.

5. Mimina maji ya soda ndani ya mafuta kwa mkondo mwembamba, ukikoroga bila kusimama. Mafuta na maji havipendani, na mwiko ndio unaovilazimisha kukutana. Gramu chache za sabuni ya zamani iliyokwanguliwa, ukiziyeyusha ndani ya mafuta mapema, zitasaidia vishikane. Endelea mpaka rojo liwe zito, na tone likidondoka juu yake liache alama isiyozama mara moja. Huenda ikachukua dakika 20, huenda ikazidi saa moja.

6. Mimina kwenye kiunzi cha mbao kilichotandikwa plastiki. Funika kwa gunia au blanketi kwa saa 24. Ndani ya kiunzi kazi inaendelea na joto linapanda lenyewe. Usifunue kila saa kuchungulia.

7. Siku ya pili, ukiwa bado na glavu, kata vipande. Vipange vikiwa na nafasi kati yao, kivulini, penye hewa, kwa wiki 4. Rangi nyekundu ya mawese itakuwa ya manjano na kuendelea kufifia. Usijaribu kuiondoa kwa kuyachemsha mafuta mpaka yatoe moshi: yakishika moto, nyumba itaondoka nayo.

Masisi si Walikale

Barabara inayotoka Goma kupitia Sake, Masisi hadi Walikale na kuendelea Kisangani inapanda milima ya malisho yenye baridi, halafu inashuka kwenye msitu wenye joto na mvua. Kanuni moja ya sabuni inafanya kazi pande zote mbili, lakini makosa ya kila upande ni tofauti.

Milimani, adui ni baridi. Mawese na mafuta ya ng'ombe huganda yakipoa. Ukikoroga asubuhi ya baridi, rojo linaweza kuwa zito ndani ya dakika chache, nawe ukafurahi kwamba limeiva, kumbe mafuta yameganda tu na soda bado imekaa pembeni haijaungana na kitu. Hayo ni mabadiliko ya kifizikia yaliyojifanya ya kikemikali. Dawa yake: weka ndoo ya mkorogo ndani ya beseni la maji ya moto na uendelee kukoroga. Uzito wa kugandishwa na baridi unayeyuka. Uzito wa sabuni halisi haurudi nyuma. Baada ya kumimina, funika vizuri zaidi kuliko mtu wa Walikale.

Msituni, adui ni unyevu. Gliserini iliyobaki ndani ya sabuni inavuta maji ya hewani, na vipande vinatoa jasho la matone juu yake. Havijaharibika. Panga vipande kwenye chanja iliyoinuliwa, chini ya bati, mbali na ukuta wa udongo, uvigeuze kila baada ya siku chache, na uongeze muda wa kukausha zaidi ya wiki 4.

Kuijua na kuiponya

Kata kipande kimoja katikati. Madoa meupe yenye ungaunga au vijishimo vyenye maji makali vinaonyesha soda iliyozidi au isiyokorogwa vizuri. Sabuni laini, yenye mafuta yanayoteleza kidoleni hata baada ya wiki kadhaa, imekosa soda. Kwa uhakika zaidi tafuta karatasi za kupimia pH, ambazo maabara za shule za sekondari huzitumia. Lowesha sabuni, igusishe karatasi: 9 hadi 10 ni kawaida ya sabuni. Ikipita 11, usiuze.

Mkorogo uliozidi soda hautupwi. Kwangua sabuni yote, iweke kwenye pipa la chuma pamoja na maji, uichemshe taratibu mpaka iyeyuke. Kisha ongeza chumvi ya jikoni, konzi kwa konzi, ukikoroga. Sabuni inayeyuka katika maji matupu lakini haiwezi kukaa katika maji ya chumvi nyingi. Utafika mahali mchanganyiko unakatika ghafla, kama maziwa ya Masisi yanavyokatika kwa ajili ya jibini: mabonge yanapanda juu, maji yanabaki chini. Yale maji ya chini ndiyo yenye soda iliyozidi, chumvi na gliserini. Zima moto, acha itulie hadi kesho yake, engua sabuni, ikandamize kwenye kiunzi. Maji yaliyobaki yana makali, basi yasimwagwe mtoni wala bustanini; tumia kidogo kidogo kusugulia sakafu ya choo, ukiwa na glavu. Viwanda vikubwa vimetenga sabuni na gliserini kwa chumvi namna hiihii tangu zamani, kwa sababu gliserini safi nayo inauzwa.

Soda isipofika

Soda kostiki haitengenezwi Kivu. Inafika Goma ikitoka mbali, na kutoka hapo kwenda Walikale haina uhakika. Kuna wakati ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikileta bidhaa na kuondoka na kasiterite, kwa kuwa magari yalishindwa njia. Mwaka 2025 waasi wa M23 waliingia Goma mwezi Januari na Walikale-centre mwezi Machi, kabla ya kuondoka Walikale mwezi uliofuata, na wafanyabiashara wanajua bei za vitu zilivyokuwa.

Njia ya majivu ipo. Maganda ya ndizi yaliyokaushwa na kuchomwa yana potasiamu nyingi. Chuja maji polepole kupitia majivu hayo, chemsha maji yale pamoja na chokaa iliyozimwa, uyaache yatulie, na utumie ya juu yaliyo safi. Chokaa inabadilisha majivu kuwa potasi kali inayoweza kuvunja mafuta. Ishughulikie kwa glavu na miwani kama soda. Chemsha na mawese kwa saa kadhaa. Sabuni ya potasiamu hubaki laini. Ukiikata kwa chumvi, sehemu ya potasiamu inaipisha sodiamu ya chumvi na sabuni inakuwa ngumu kidogo. Tatizo ni kwamba nguvu ya majivu hubadilika kila mara, hivyo huwezi kuipima kwa mizani. Iwe ya matumizi ya nyumbani, nayo ijaribiwe kwa karatasi ya pH. Ya kuuza ifuate soda iliyopimwa.

Bei na daftari

Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilimpa Mwingereza William Lever haki ya maeneo makubwa ya michikichi ya Kongo. Kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilijenga Leverville, leo Lusanga katika Kwilu, na kwa miaka mingi wenyeji walivuna ngazi, yaani matunda ya michikichi, kwa kulazimishwa ili viwanda vya sabuni vya Ulaya vipate mafuta. Faida kubwa ilipatikana kule mafuta yalikokuwa yakigeuzwa sabuni. Anayeuza bidoni ya mawese leo Walikale na kurudi nyumbani na mche wa sabuni ya kiwandani bado yuko upande ule wa hesabu.

Basi hesabu yako iwe kamili. Kilo 1 ya mawese, gramu 134 za soda na gramu 320 za maji ni gramu 1,454 siku ya kumimina. Sehemu kubwa ya maji itaondoka, na baada ya wiki 4 utakuwa na karibu kilo 1 na robo. Panga bei kwa uzito huo wa mwisho. Jumlisha mafuta, soda, kuni, usafiri, na kazi ya mikono yako, kisha gawa kwa idadi ya vipande. Anayeuza sabuni mbichi ili ionekane nzito anauza maji, na mteja atagundua kipande kikisinyaa ndani ya wiki.

Mwisho, kila mkorogo upate namba na ukurasa wake: tarehe, mafuta yalitoka wapi, gramu za kila kitu, ilichukua muda gani kuwa nzito, hali ya hewa, pH baada ya wiki 4. Chonga namba hiyo kwenye kipande kimoja unachokiweka akiba. Mama akirudi sokoni kusema sabuni imemchoma, utamuuliza ameinunua lini, utafungua ukurasa, na utajua kama kosa lilikuwa la mafuta, la soda au la mizani. Kabla ya mkorogo unaofuata, pima tena ile mizani kwa pakiti ya kilo 1 ya chumvi ambayo haijafunguliwa.